Kaburi Lililo Upande wa Pili wa Simu

Kisa hiki nakiandika kwa idhini ya mwenyewe. Jina lake, kijiji chake na mahali tunapofanya kazi nimeviacha. Nitamwita Comadre, kwa kuwa ndivyo tunavyoitana. Kwa Kihispania, mama wa mtoto na mama wa ubatizo huitana hivyo, na neno limeenea hadi kwa marafiki walioshibana. Pwani wangesema somo au shoga. Yeye ni wa Michoacán, magharibi ya Mexico, katika vijiji vinavyolizunguka ziwa Pátzcuaro. Mimi ni wa Kilimanjaro. Tulikutana Chicago, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya kutunzia wazee, tukikunja mashuka, kila mmoja kashika pembe zake mbili.

Nawaandikia hasa wenzangu wa kamati za faraja katika jumuiya zetu za Waswahili huku ughaibuni. Nilikosea katika kisa hiki, na kosa lenyewe nimeliona tukilifanya kwa watu wetu wenyewe. Mtu akiwa mbali na kwao siku ya sikukuu tunadhani kakosa raha, basi tunamtafutia raha: chakula, muziki, watu wa kupiga nao soga. Comadre alikosa kazi yake. Ilinichukua karibu mwaka mzima kulielewa hilo.

Hali yenyewe

Mama yake alifariki Julai 2022. Comadre alikuwa na miaka 18 Marekani bila makaratasi, na watoto wawili waliozaliwa hapa: wa kiume wa miaka 16, wa kike wa miaka 11. Sheria ya uhamiaji ya 1996 inasema aliyeishi bila kibali kwa mwaka mmoja au zaidi, akishatoka tu nje ya nchi, amefungiwa kurudi kwa miaka 10. Kwenda kumzika mama kungekuwa kuwaacha watoto. Alibaki. Alituma pesa za jeneza na za kulisha waombolezaji, na kesho yake alikuja zamu kama kawaida.

Katika familia yao haikuwa hivi siku zote. Babu yake alikuja kwa mpango wa Bracero, ule wa vibarua wa mkataba ulioendeshwa kuanzia 1942 hadi 1964. Alivuna mashamba ya watu na kurudi kwake. Baba yake alivuka bila kibali miaka ya 1980, naye kila mwisho wa Oktoba alikuwa nyumbani, akifika na viatu vipya vya watoto. Mpaka ulianza kukazwa kweli miaka ya 1990; upande wa San Diego operesheni kubwa ilianza 1994. Watafiti wa uhamaji, Douglas Massey akiwa mmoja wao, wameonesha kilichofuata: watu waliendelea kuja, ila waliacha kurudi, maana kuvuka mara ya pili kulikuwa ghali na hatari mno. Kwa hiyo mtu akikosa sikukuu ya kwao miaka 18 mfululizo, msimwulize kama amesahau asili yake. Babu yake alikuwa mbali vilevile, lakini kwa babu njia ilikuwa wazi pande zote mbili.

Sasa sikukuu yenyewe. Wakatoliki wanaosoma hapa tarehe hizi wanazijua: 1 Novemba ni Watakatifu Wote, 2 Novemba ni Kumbukumbu ya Marehemu Wote. Mexico wamezifanya kuwa siku za kupokea wageni, na wageni ni marehemu wa nyumba ile. Watoto waliofariki hupokewa kwanza, tarehe 1, halafu watu wazima tarehe 2. UNESCO imeiweka desturi hii kwenye orodha yake ya urithi tangu 2008. Kwa Wapurépecha, wenyeji wa asili wa Michoacán, kiini cha yote ni mkesha makaburini usiku wa kuamkia tarehe 2. Kaburi husafishwa na kupambwa kwa maua ya cempasúchil, ya rangi ya chungwa iliyokolea na harufu kali. Ni ndugu wa lile gugu ambalo kwetu wengi huliita bangi mwitu. Mishumaa huwashwa, na copal huchomwa kama ubani. (Sandarusi ya mwambao wetu, iliyouzwa sana kupitia Zanzibar karne ya 19, wafanyabiashara wa Ulaya waliiita kwa jina hilohilo la copal, neno lililotoka Kinahuatl, lugha ya asili ya Mexico. Nilipomwambia hivyo Comadre alinyamaza kidogo, kisha akaomba nilitamke neno sandarusi mara tatu.)

Kila nyumba ina mgawanyo wake wa kazi usiku ule, na hapo ndipo nilipopapita bila kupaona. Kuna wa kuchota maji na kusugua kaburi, wa kubeba maua, wa kuwasha mishumaa na kuhakikisha haizimiki. Comadre, binti mkubwa, alikuwa wa corundas, madonge ya mahindi yanayofungwa kwa majani, tangu ana miaka 12.

Usiku wa kwanza

Jumanne ya 1 Novemba 2022 alipanga meza sebuleni kwake: picha ya mama, glasi ya maji, kisahani cha chumvi, mshumaa, na pan de muerto, mkate wa marehemu, alioununua Little Village, eneo la Wamexico hapa Chicago, kwenye mtaa wa 26. Dada yake alikuwa ameahidi kumpigia simu ya video kutoka makaburini saa nne usiku.

Saa nne ikafika, simu kimya. Saa nne na nusu, kimya. Akaamini wamemsahau. Kumbe ni saa tu: wiki ile Mexico walikuwa wameshairudisha saa nyuma, na Chicago walikuwa bado hadi Jumapili iliyofuata, kwa hiyo saa nne ya dada mtu ilikuwa saa tano ya Chicago. Tangu mwisho wa Oktoba ile Mexico imeacha kabisa kubadili saa sehemu kubwa ya nchi, ila siku ile hakuna aliyekumbuka. Naitaja kwa kuwa mtu mwenye uchungu hahesabu saa. Anahesabu kwamba hakupigiwa.

Simu ilipoingia, dada mtu aliiegemeza kwenye kopo la mshumaa juu ya kaburi akaendelea na shughuli. Kwa muda mrefu Comadre aliona moshi upande mmoja wa skrini na mgongo wa shangazi yake upande wa pili. Alisikia wanawake wakibishana kama chakula kitatosha. Ukapita mkono wa wifi yake, ukafunua kapu, ukaanza kugawa. Alikaa mbele ya skrini ile hadi saa tisa usiku, na saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kazini.

Tulikuwa kwenye shuka la pili au la tatu. Mimi nikaja mbele kumletea pembe zangu kama tunavyofanya siku zote, yeye asiachie zake. Akasema, "Wamekula za wifi."

Niliona ni jambo dogo, maneno ya mtu asiyelala. Nikamjibu lile tunalojibu sote: "Usijali, Mungu ni mwema, mwakani utaenda." Mtu asiye na makaratasi, mwenye watoto wawili, namwambia mwakani utaenda! Alinitazama, akaachia pembe, akachukua shuka jingine.

Jumapili kamati yetu ilimtembelea kwa pilau na chai ya tangawizi, tukaimba, tukasali. Alitushukuru sana. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo hakumtaja mama yake mbele yangu. Mwanawe naye alikuwa amemwuliza, bila ubaya wowote, "Mama, si uliona kila kitu kwenye simu?" Alinisimulia hilo baadaye sana.

Simu kweli ilimwonesha kila kitu, na hilo ndilo lililomuumiza. Aliyekosa mkesha bila kuuona anaweza kujidanganya kwamba nafasi yake iko wazi, inamsubiri. Yeye aliiona nafasi yake ikiwa imejazwa. Siku hizi mtu akiniuliza kama amrushie nduguye matanga au harusi kwa simu, namwuliza kwanza: kule alikuwa na kazi gani, na nani anaifanya leo mbele ya macho yake?

Kofia ya Mei

Mei 2023 mahali petu pa kazi walitaka kuwafurahisha wafanyakazi kutoka Mexico. Tarehe 5 wakatundika karatasi za rangi kwenye ukumbi wa kulia, wakaleta kofia pana na chakula cha kuchovya kwenye jibini. Comadre aliombwa avae kofia apigwe picha. Akavaa, akatabasamu. Mimi nilimfurahia kwa moyo wote, nikadhani hatimaye mtu kamkumbuka.

Tukiwa koridoni akaniuliza, "15 Septemba walikuwa wapi?"

Ilibidi anieleze. 5 Mei ni siku ya vita vya Puebla vya 1862, askari wa Jenerali Ignacio Zaragoza walipowashinda Wafaransa. Wanaoiadhimisha kwa uzito ni watu wa Puebla. Huku Marekani ndiko ilikogeuka karamu ya kila mji. Uhuru wa Mexico huadhimishwa usiku wa 15 Septemba kuamkia 16, kwa kumbukumbu ya wito wa padri Miguel Hidalgo pale Dolores mwaka 1810. Rais hutokea kwenye roshani ya Ikulu ya Taifa, hupiga kengele, na umati ulioujaza uwanja wa Zócalo humwitikia, "¡Viva!" Kijijini kwao anayepaza wito huo ni kiongozi wa manispaa, na watoto hugombea kusimama mbele.

Siku ile nilimwuliza swali ambalo ningelimwuliza miezi sita kabla: "Ungekuwa kwenu usiku ule wa Novemba, mikono yako ingekuwa inafanya nini?"

Jibu lilichukua siku mbili za mashuka. Corunda ni mahindi yaliyochemshwa na majivu, yakasagwa yakiwa na majimaji, yakakandwa na mafuta, kisha donge likafungwa na kupikwa kwa mvuke. Tamale, madonge ya namna hiyo ya sehemu nyingi za Mexico, hufungwa kwa ganda la nje la hindi. Corunda hufungwa kwa jani lenyewe la mmea, lile refu la kijani. Alichukua taulo la mkono kunionesha. Unaweka donge kwenye ncha pana ya jani, unakunja kuja kwako, unavusha upande, unakunja tena, jani linazunguka na kuzunguka mpaka donge linakuwa na pembe kama kito kilichochongwa, na ncha ya mwisho unaipenyeza ndani bila kamba. Ukifungua kwenye sahani, mistari ya jani imebaki kwenye donge. Mama yake alikuwa akizitazama pembe hizo na kutambua mkono wa nani umefunga.

Nikiwa nashika taulo lile nilikumbuka kwetu. Desemba Wachagga tunapanda mlimani kutoka kila pembe ya Tanzania, na kabla wageni hawajafika kazi yangu ilikuwa kufagia makaburi ya babu na bibi kwenye kihamba, chini ya migomba. Tangu niondoke anafagia binamu yangu. Kila Krismasi wananionesha mbuzi kwenye simu, nami nafurahi na kuumia kwa pamoja, wala sikuwahi kujua kinachouma ni kitu gani.

Majani

Nina kipande cha bustani ya jumuiya, futi chache tu, ambapo napanda mahindi meupe, mchicha na maboga kwa ajili ya majani yake. Agosti nilimwonesha Comadre picha ya mahindi yaliyokomaa. Hakuuliza habari za mahindi. Aliuliza, "Majani yake unayafanyia nini?" Nikamwambia nayaacha yaoze.

Jumapili alikuja na mkasi, akiwa na binti yake. Alipita shina kwa shina akichagua majani mapana ya katikati, akiyapitisha vidoleni kutafuta yaliyotoboka. Yalifika 40 na ushee. Akayafuta kwa kitambaa chenye unyevu, akayaviringisha, akayatia kwenye mifuko, na mifuko ikakaa kwenye friza yangu, juu ya samaki, hadi mwisho wa Oktoba. Kwa miaka yote ya Marekani alikuwa akitumia maganda makavu ya dukani, na kila mara alijiambia kwamba hizo si corundas.

Hiyo ilikuwa ya nyumbani kwake Chicago. Kule kaburini palibaki, na nilimshawishi amwombe dada yake kazi. Dada mtu alijibu, "Wewe tuma pesa, inatosha." Sitaki mtu aidharau pesa. Wahamiaji wa Mexico wana vyama vyao vya watu wa kijiji kimoja, na kwa miaka mingi tangu 2002 palikuwa na mpango wa serikali ulioitwa 3x1: kila dola waliyochanga iliongezewa tatu, moja ya serikali kuu, moja ya jimbo na moja ya manispaa. Barabara zimejengwa hivyo, na makanisa yamekarabatiwa. Lakini pesa ikifika inakuwa mishumaa kama mishumaa mingine, hakuna ajuaye ipi ni ya nani. Comadre alikuwa amegeuka benki ya mkesha, na benki haialikwi.

Wakaafikiana kuhusu kitambaa. Makapu ya chakula huenda makaburini yamefunikwa kwa vitambaa vilivyotariziwa, na cha mama yao kilikuwa kimechakaa. Comadre alitarizi wakati wa mapumziko ya kazi, kwenye kiti kilicho kati ya mashine mbili za kukaushia: kitambaa cheupe, cempasúchil ukingoni, jina la mama katikati kwa uzi wa buluu. Alikosea herufi moja, akafumua jina lote na kuanza upya. Kilitumwa kwa posta Septemba.

Ilibaki siku yenyewe. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi ajitahidi kumwachia mtu nafasi ya ibada yake, na Juni 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya mfanyakazi wa posta Gerald Groff, ilisema mwajiri hawezi kukataa kwa usumbufu mdogo tu. Lazima aoneshe mzigo mkubwa kwa biashara yake. Wenye makaratasi miongoni mwetu walijue hilo na walitumie. Comadre hakutaka kuomba. Mtu wa hali yake haombi kitu kitakachofanya jina lake litajwe ofisini. Tulibadilishana zamu, mimi nikachukua Alhamisi yake.

Usiku wa pili

Usiku wa 1 Novemba 2023 nilikuwa jikoni kwake hadi saa tatu. Donge alilinunua limeshasagwa kwenye kiwanda cha tortilla, kwa hiyo majivu hayakuwamo, na hilo alilikubali. Majani aliyachovya kwenye maji ya moto yakalainika, na jikoni pakanukia shamba. Alifunga bila kutazama, akizungumza nasi. Corunda ya kwanza ya binti yake ilifumukia sufuriani. Ya tano ikashika pembe. Yangu hakuna iliyoshika.

Simu hakuiweka mezani. Alikuwa amemwambia dada yake apige pale tu atakapomhitaji, na safari hii saa waliihesabu vizuri. Saa tano na dakika kumi ikalia. Dada mtu alikuwa amesimama na kapu, nyuma yake mishumaa, anauliza: jina liwe upande wa kichwa cha mama au upande wa miguu?

Comadre alisimama kujibu. "Kichwani. Na maua yasifunike herufi." Akasubiri hadi kilipotandikwa, akaomba kamera isogezwe, akasema kinyooshwe kidogo kushoto. Kisha akaaga na kuikata simu yeye mwenyewe. Hayo alinisimulia kesho yake, akirudia maneno ya dada yake neno kwa neno: kichwani au miguuni. Mwaka uliotangulia aliwatazama saa nne nzima. Mwaka huu zilitosha dakika zisizofika 20.

Nisiseme zaidi ya kilichopo. Kaburi lile bado hajaligusa kwa mkono wake, na sheria ya 1996 bado ipo. Mwanawe usiku ule alikuwa kazini, hakuziona corundas zikifungwa.

Na sikukuu zao nyingine hazina jani wala kitambaa. Inayonitatiza ni Posadas, usiku tisa kuanzia 16 hadi 24 Desemba, za kukumbuka Yosefu na Maria wakitafuta mahali pa kulala. Watu hugawanyika makundi mawili. Moja hubaki nje ya mlango likiimba kuomba hifadhi, la ndani hujibu kwa wimbo likikataa, ubeti kwa ubeti, mpaka wanatambuliwa na mlango unafunguliwa. Hapo sikukuu haigawiki kwa posta. Inataka mlango mmoja na watu pande zake mbili.

Desemba ile nilimsikia akiimba chinichini nyuma ya mashine, mara kwa sauti nzito ya ndani, mara kwa ile ya nje. Nikamwomba aniandikie beti za nje. Aliziandika kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi ya hesabu ya mashuka, na chini ya kila mstari akaweka jinsi ya kutamka. Tunaimba wakati wa kukunja, mimi naomba, yeye ananikatalia. Ubeti wa tatu bado unanishinda.